Fomu Kumi na Tisa

Bweri, Musoma,
Jumapili, 9 Julai 2023.

Kwako dada yangu mpenzi Jenoveva,

Shikamoo dada. Nakuandikia nikiwa na matumaini kwamba wewe, mama na watoto mnaamka salama hapo Mwitongo, na kwamba kifua cha mama kimetulia tangu baridi hii ianze. Mwambie asiache kuvaa lile sweta la kijani hata kama analiona la kizee. Mimi huku ni mzima, tena nimenenepa. Gauni langu la sendofu halifungi zipu tena. Mama mkwe anasema ni dalili ya nyumba yenye amani, Nicolaus anasema ni dalili ya viazi vitamu.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimejaribu kupiga mara mbili, dada, nikaishia kukuuliza habari za kuku. Mambo mengine yakisemwa kwa simu yanakuwa kicheko tu. Kwa hiyo nimekaa mezani na karatasi, na kesho nitampa shemeji Gabriel, ambaye amekuja kununua mabati hapa mjini, akuletee mkononi.

Kwanza nikuambie kwamba ndoa ni tamu. Ulinionya nisubiri miezi sita kabla ya kusema hivyo, lakini mimi nasema leo, wiki ya nane. Nicolaus anaamka kabla yangu, anawasha jiko, ananichemshia maji ya kuoga, halafu anajifanya aliyachemsha kwa ajili ya chai yakazidi. Akiwa kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti pale barabarani, nikipita na kikapu anainua ile miwani yake nyeusi na kusimamisha kazi mpaka nipotee kwenye kona. Wateja wanamtania kwamba mageti yote ya mwezi huu yamepinda. Hata jina langu analitamka polepole, kama mtu anayeonja uji wa moto. Sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi akiwa amefunga kitambaa kichwani na mikono ina masizi.

Mama aliniuliza kama huku kuna maji ya kutosha. Basi maji ndiyo habari yenyewe.

Bweri inakua haraka, dada. Ukilala kuna shamba la mihogo, ukiamka kuna msingi wa nyumba. Lakini mabomba hayajatufikia. Tunachota kisimani bondeni, mwendo wa karibu nusu saa kwenda na kurudi, au tunanunua kwa vijana wa mikokoteni. Mwaka huu watu wa maji wameahidi kioski kimoja kwa mtaa wetu wote. Kimoja tu. Kikawa na sehemu mbili za kuchagua, kando ya mashine ya kusaga au kwenye kona ya uwanja wa mpira.

Zamani jambo kama hilo lingeamuliwa na wazee watano kabla chai haijapoa. Vijana kwenye mkutano wa mtaa waliitwa kubeba viti na kuvirudisha. Nicolaus wangu na rafiki yake Kulwa, yule wa bodaboda aliyeimba vibaya kwenye harusi yetu, wakaamua safari hii haitakuwa hivyo. Walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Burito, wakamwomba vijana wapewe kazi ya kuwauliza wenye kuchota maji, yaani kinamama, wanataka kioski kikae wapi. Mzee Burito akawaambia amechoka na vijana wanaomletea kelele, wamletee hesabu. Wakileta kazi safi, kioski kitakwenda watakapoonyesha, na tangu hapo vijana wawili watakaa kwenye kamati ya mtaa kwa kila jambo, iwe barabara, zahanati au taka. Wakileta upuuzi, viti vyao vinawasubiri.

Nicolaus alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepewa uwaziri. Aliandika fomu mwenyewe, maswali manne, akaifuta na kuiandika upya mara sijui ngapi. Kaya thelathini na nne, mwanamke mmoja kila kaya. Tatizo likawa kamati yao ya vijana, ambayo yeye ndiye katibu wake, yote ni wanaume. Alisema mwanamume akienda kuuliza uani kwa watu, mama atajibu lolote ili mgeni aondoke, kwa hiyo aulize mwanamke. Akanitazama. Akasema mimi nimemaliza kidato cha nne, mwandiko wangu unasomeka, na nina uso ambao watu hawawezi kuufungia mlango. Dada, baada ya maneno hayo ningekwenda kuuliza hata mamba.

Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Bunda siku tatu kwenye semina ya vijana wa kata mbalimbali. Usiku wa kuagana, wakati tunakula, alidokeza kwamba moyo wake uko kwenye mashine, maana pale kuna taa, kuna watu mpaka jioni, binti hawezi kusumbuliwa na mtu. Halafu akajishika mdomo na kunisihi nisiseme kwa yeyote. Kazi yangu ni kuuliza tu na kuandika ninachoambiwa.

Kutoka Bunda alinipigia mara tatu kwa siku. Aliniletea kanga ya rangi ya machungwa ambayo nimeivaa leo kanisani. Alipofika akakuta fomu thelathini na nne mezani, zimepangwa, juu yake nimeweka jiwe zisipeperuke. Alininyanyua juu mbele ya mama yake mzazi! Mama mkwe alijifunika uso kwa upande wa kanga huku anacheka, akisema watoto wa siku hizi watamuua. Tukahesabu pamoja. Ishirini na sita walitaka mashine, wanane uwanjani. Mzee Burito alizipitia moja moja, akasema kwa miaka kumi na mbili ya uenyekiti hajawahi kuletewa kitu kama hicho, na tangazo likabandikwa kwenye mlango wa mashine kwamba mkutano wa Jumamosi utapitisha. Ndipo nilipokutumia ule ujumbe wa kujisifu, na wewe ukanijibu kwamba mama amesimulia jumuiyani jinsi binti yake anavyoendesha mambo ya maji Musoma.

Sasa nisikilize.

Siku mbili baada ya tangazo, Yunis alikuja kuazima chekeche. Yunis ni mke wa binamu yake Nicolaus, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ana mimba ya miezi saba na ulimi usiolala. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza hao wanawake ishirini na sita waliochagua mashine wametoka mtaa gani. Nikamwambia ni wa hapahapa. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akaniuliza kama mimi nimewahi kufika pale mashine. Kweli sijawahi, unga tunaletewa na Kulwa kwa bodaboda. Basi akanieleza kwamba kwenye kibaraza cha mashine ndipo wazee wote wa ukoo wao wanakaaga tangu asubuhi mpaka jua linazama, wanacheza drafti kwa vizibo vya soda.

Dada, unajua haya ya wakwe. Kwetu baba mkwe ni mmoja, unampisha njia, unajificha, yanaisha. Huku ukoo mzima walihama pamoja na kununua viwanja kwa kufuatana, na kila mzee wa ukoo ni baba mkwe wako. Mpaka siku utakapoitwa rasmi na kuchinjiwa kuku, husemi mbele yao, huli mbele yao, na usithubutu kuinama mbele yao. Yunis hajaitwa mpaka leo, na huu ni mwaka wake wa tatu. Akaniuliza, mwanamke anachotaje maji bila kuinama? Au tununue ndoo zenye shingo ya twiga? Akasema wao wakifika pale mashine wanapitaga nyuma, wanatuma mtoto. Kioski kikikaa pale, yeye na tumbo lake ataendelea kushuka bondeni, na maji ya bomba watakunywa akina baba wakwe na vizibo vyao. Kisha akaacha kucheka. Akasema kwake hakuna mtu aliyekuja kuuliza.

Ni kweli, dada. Sikwenda.

Hili ndilo nililoshindwa kukuambia kwa simu. Nilikwenda kaya kumi na tano tu, za watu wasio wa ukoo, na huko nilifurahi, nilikaribishwa chai, niliandika kila neno. Wanane walisema uwanjani, saba walisema mashine. Zilizobaki kumi na tisa ni za ukoo wa mume wangu. Nilifika kwenye geti la kwanza nikamkuta mzee amekaa pale anasikiliza redio, nikageuka. La pili mzee ananoa panga, nikageuka. La tatu sikufika, nilimwona kwa mbali nikajibanza nyuma ya mgomba mpaka miguu ikafa ganzi. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu Nicolaus alikuwa anarudi, na mimi nilitaka akute zote zimekamilika, nilitaka ule uso wake akizihesabu. Nikakaa kitandani na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, zisifanane, nikawajibia wanawake kumi na tisa. Wote niliwawekea alama kwenye mashine, kwa sababu ndipo moyo wake ulipo. Ya Yunis niliijaza kwa kalamu nyeusi.

Uone ubaya wake. Mimi niliyejificha nyuma ya mgomba kwa ajili ya haya, ndiye niliyeamua wenzangu wenye haya hiyohiyo wakachote maji mbele ya wazee. Na sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa naimba.

Alipoondoka Yunis nilikaa jikoni mpaka dengu zikaungua. Nikiyanyamazia, nitakuwa nimembebesha Yunis ndoo za bondeni maisha yake yote. Nikisema, vijana wote watarudi kwenye viti, na Nicolaus ataaibika mbele ya mtaa mzima kwa sababu ya mke aliyemsifia. Nilimwambia mchana wa Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano. Alikuwa anakula. Aliuliza swali moja tu, ngapi. Nikamwambia. Akanawa mikono na ugali bado upo, akarudi karakana. Hakunipigia kelele, dada, heri angepiga. Jumamosi asubuhi maji ya kuoga nilichemsha mwenyewe, na shati alijipigia pasi mwenyewe, mkunjo wa mkono ukakaa upande.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa mpira. Wazee mbele kwenye viti, wanaume nyuma yao, sisi wanawake pembeni kabisa tumekaa chini. Baba mkwe wangu, mzee Magige, alikuwa kiti cha pili. Mzee Burito alisoma matokeo, akawaita vijana wasimame wapigiwe makofi. Nicolaus akanyoosha mkono kabla ya makofi. Akasema anaomba kuondoa pendekezo, kwa sababu fomu kumi na tisa kati ya hizo hazikuulizwa kwa mtu. Akasema kosa ni lake yeye katibu, alipeleka mtu mahali ambapo kwa mila asingeweza kuingia, na yeye alipaswa kulijua hilo kwa kuwa ni ukoo wake. Ikazuka zogo. Mzee mmoja akasema alijua tu, hawa ni watoto wa simu, warudishiwe viti vyao. Kulwa alimgeukia Nicolaus akamuuliza kwa hasira ni nani aliyejaza, maana yeye amezunguka na bodaboda mtaa mzima akijisifu kwa hesabu hizo. Watu wakaanza kudai jina. Nicolaus akatazama chini. Nikaona kabisa kwamba atasimama pale mpaka jioni na hatalitaja.

Nikasimama, dada. Sijui nilisimamaje. Nilijitanda kanga mpaka machoni, nikawageukia wanawake ili nisiwatazame wakwe, na nikasema ni mimi. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Halafu nikaishiwa, maana niliwaza kwamba ndiyo mara ya kwanza mzee Magige anasikia sauti yangu, na anachosikia ni habari ya uongo wangu.

Nikasikia kiti kinakwaruza. Nikajua anaondoka. Niligeuka kidogo tu, kwa jicho moja. Hakuondoka. Alikuwa amekiinua kiti chake akakigeuza, akakaa ametupa mgongo, anatazama goli. Mzee wa jirani yake akamuuliza anafanya nini, naye akajibu kwa sauti kwamba anamwondolea mtoto haya ili aseme. Basi yule naye akageuza chake. Na mwingine, na mwingine, wengine wakinung'unika, mpaka mstari mzima wa wazee ukawa unatazama goli lisilo na nyavu. Kulwa akashindwa kujizuia, akasema leo wazee wamebeba viti wenyewe. Watu wakacheka, hata mzee Burito. Kisha akaniambia niendelee.

Nilieleza yote. Sikusema kwamba ni kwa ajili ya mapenzi, niliona aibu, nilisema ni woga na haraka. Nilipokaa, Yunis akainuka na tumbo lake. Alizungumza dakika kumi bila kupumua, ndoo, bonde, mimba, kibaraza, vizibo. Mzee mmoja akasema bila kugeuka kwamba kama ni hivyo wao wanaweza kuhama pale mashine. Yunis akamjibu mgongo wake kwa heshima zote kwamba mtahama leo na keshokutwa mtarudi. Sijawahi kuona migongo inacheka.

Lakini usidhani iliisha vizuri, dada. Mzee Burito alisema wazi kwamba neno ni neno. Watu wa maji hawasubiri, kwa hiyo wataanza na mtaa wa jirani, sisi tumerudishwa nyuma, labda miezi mitatu, labda zaidi. Yunis atajifungua kabla ya bomba. Nafasi mbili za vijana kwenye kamati zimesimamishwa mpaka kaya zile kumi na tisa ziulizwe upya, na ziulizwe na mimi, mbele ya shahidi. Kulwa hajanisamehe, unga sasa naletewa na mtu mwingine. Na Nicolaus alikaa siku nne akiniita kwa heshima, mama, kama anavyowaita wateja. Siku ya tano aliniambia kitu kilichomuuma si fomu, ni kwamba nilimwogopa yeye kuliko nilivyowaogopa wakwe, nikaona heri kumdanganya kuliko kumwambia kazi imenishinda. Lakini jioni ile aliniita jina langu, taratibu kama zamani, na mimi nikalia kwenye sinia la mchele.

Jana nilianza. Shahidi wangu ni mama mkwe, alijitolea mwenyewe, anasema hajawahi kupewa cheo. Tulipofika geti la kwanza mzee alikohoa, akachukua redio yake akaenda zake nyuma ya nyumba bila kuambiwa. Ndani kulikuwa na mama wa miaka kama hamsini, amezaa watoto saba hapo. Nikamsomea swali, unataka kioski cha maji kiwe wapi. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema hajui. Akasema tangu aolewe hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kiwekwe wapi, hata jiko lake alilikuta, kwa hiyo nimwachie mpaka Jumanne akatembee mwenyewe pale mashine na pale uwanjani, aone. Zamani ningemchagulia. Nimemuahidi nitarudi Jumanne. Kazi ya jana ikaishia hapo, nikarudi nyumbani na fomu isiyo na alama hata moja, nikamwonyesha Nicolaus. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka mezani, akaenda nje kutafuta jiwe.

Nakuomba umweleze mama mambo yote haya, usimfiche. Kama alinisifu jumuiyani, na huko asimulie hili. Wasalimie watoto wote, mwambie Ngolo asome, na majirani wanaoniulizia waambie Matrida yupo, ana afya, anajifunza. Shemeji Gabriel atakupa pia kilo mbili za dagaa, wachambue kwanza, wana mchanga. Nicolaus yuko mlangoni ananihimiza nimalize tukatembee, anasema anakusalimu sana na kwamba usiamini yote niliyoandika kuhusu maji ya kuoga.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Matrida
(mke wa Nicolaus Magige)